Namna ya Kutengeneza Kikombe cha Hedifoni Kilicholegea au Kuvunjika

Methali twaijua sote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwashi mwenye akili, aitwapo kutazama ufa wa nyumba, haanzi kwa kuukandika udongo. Kwanza huutazama msingi, kisha paa, tena huuliza maji ya mvua hupita wapi. Ajua ya kuwa kila ufa una sababu yake, na sababu isipoondolewa ufa utarudi hata ukikandikwa mara kumi. Katika mazungumzo haya twataka kuitumia hekima hiyo katika kitu kidogo sana, nacho ni hedifoni, yaani chombo cha kusikilizia kivaliwacho kichwani, ambacho kikombe chake cha sikio kimelegea au kimevunjika.

Pengine mtu atauliza, Je, jambo hili lastahili mazungumzo? Twajibu, Naam, lastahili. Siku hizi redio na simu zimefika hata katika vijiji vilivyo mbali na miji. Mwanafunzi husikiliza somo lililorekodiwa, mkulima husikiliza habari za mvua, na mwimbaji wa kwaya hujifunza sauti yake bila ya kuwasumbua wenziwe. Lakini kwa mtu akaaye Masagati, chombo kikivunjika, kutafuta kingine ni safari ya kwenda Mlimba, na pengine kuendelea mpaka Ifakara kwa gari au kwa treni ya TAZARA. Na wakati wa masika njia za udongo hazina huruma kwa msafiri. Shule yenye hedifoni sita, zikivunjika tatu, nusu ya wasikilizaji hukaa wakingoja zamu. Tena kuna jambo lililo kubwa kuliko fedha na safari, nalo ni afya ya masikio, kama tutakavyoeleza.

Sehemu za hedifoni

Chombo hiki si cha juzi. Mnamo mwaka 1910 mtu mmoja wa jimbo la Utah katika Marekani, jina lake Nathaniel Baldwin, alikuwa akitengeneza hedifoni jikoni kwake, akazipeleka kwa Jeshi la Maji la Marekani, nalo likazikubali kwa kuwa zilitoa sauti wazi kuliko zile zilizotangulia. Redio zilipoenea Ulaya baada ya mwaka 1920, nyingi katika zile ndogo hazikuwa na betri wala spika. Ziliendeshwa na nguvu ya mawimbi yenyewe, na mwenye nyumba hakuweza kusikia neno ila kwa hedifoni. Wengine waliitia hedifoni ndani ya bakuli ili bakuli lizidishe sauti, na jamaa wote waliokaa mezani wasikie.

Hedifoni nyingi za zamani zilikuwa na upinde wa chuma. Nazo zilikuwa nzito. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza Walkman, chombo kidogo cha kupigia kaseti, ilikitolea hedifoni nyepesi sana, na tangu hapo watu wengi wamezoea wepesi. Hedifoni nyingi za bei rahisi za leo zimefanywa kwa plastiki karibu kila mahali. Wepesi tumeupata, lakini nguvu ya viungo imepungua, na hapo ndipo ulipo mwanzo wa taabu yetu.

Yafaa tuzijue sehemu zake kwa majina. Ya kwanza ni upinde, upitao juu ya kichwa. Katika ncha zake mbili kuna mikono, ambayo huvutwa na kurudishwa kwa kadiri ya kichwa cha mtu. Mwisho wa kila mkono kuna panda, mfano wa panda ya manati, ambayo hukishika kikombe pande mbili. Kikombe ndicho kilichobeba spika ndogo, na juu ya kikombe kuna mto laini uligusao sikio. Ndani ya spika mna sumaku, mna koili ya waya mwembamba, na mna kiwambo chepesi ambacho hutikisika na kutoa sauti.

Kwa nini kikombe huvunjika

Upinde una tabia ya kibanio cha nguo: ukiutanua hutaka kurudi. Nguvu hiyo ya kurudi ndiyo ikibanayo kikombe sikioni, nayo haina njia nyingine ya kupita ila kwenye panda. Sasa itazame panda. Mahali inapokishika kikombe ni pembamba, na tena pametobolewa tundu la skrubu au la kipini. Basi mzigo wote wapita mahali palipo dhaifu kuliko pote.

Mtu akiivua hedifoni kwa mkono mmoja, akikivuta kikombe kimoja upande, panda hiyo husokotwa. Akiitia ndani ya mkoba chini ya vitabu, hukandamizwa. Akiiacha juani, joto na mwanga huidhoofisha plastiki siku baada ya siku. Ufa huanza mdogo kama unywele, nao huenea mpaka siku moja kikombe chaning'inia kwa waya wake. Ndiyo maana twasema ya kuwa gundi peke yake haitoshi. Gundi huunganisha vipande viwili, lakini haiiondoi nguvu iliyovitenga. Mwenye kutaka kazi idumu na aitafutie nguvu hiyo njia nyingine ya kupita.

Madhara ya kuvaa kikombe kilicholegea

Wako wasemao, Ya nini kuhangaika? Nitakishika kikombe kwa mkono nisikilize. Lakini kikombe kisipolala sawasawa sikioni, hutokea mambo mawili. Kwanza, sauti nzito hutoroka penye mwanya, na maneno husikika membamba. Pili, kelele za nje huingia: mvua juu ya bati, mashine ya kukoboa mpunga, watoto wachezao uwanjani. Msikilizaji hufanya lile ambalo kila mtu hulifanya, yaani huongeza sauti. Na lile sikio la upande wa pili, ambalo kikombe chake ni kizima, hupigwa na sauti yote hiyo.

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma. Sauti ikifika desibeli 90, saa hizo hushuka mpaka 4 tu kwa juma zima. Kwa watoto shirika hilo lataja kipimo cha chini zaidi, yaani desibeli 75 kwa saa 40. Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo, ambazo hupokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu. Zikifa hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzirudisha. Kipande cha plastiki chaweza kutengenezwa, lakini sikio la mtoto halina fundi wa namna hiyo.

Kupima kama spika ingali hai

Kabla ya kutengeneza kikombe, yapasa kujua kama spika iliyomo yafanya kazi. Twaa betri moja ya tochi, ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Kipimo hiki ni cha hedifoni ya waya tu. Ile isiyo na waya usiifanyie hivi.

Itazame ncha ya chuma iingiayo katika redio au simu. Imegawanywa kwa pete ndogo nyeusi au nyeupe. Katika ncha ya kawaida yenye sehemu tatu, ile ya mbele kabisa ni ya sikio la kushoto, ya katikati ni ya sikio la kulia, na ile iliyo karibu na shina ni ya pamoja. Usiivae hedifoni, iweke mezani karibu nawe. Unganisha upande mmoja wa betri na sehemu ya shina, kisha kwa waya wa pili uiguse mara moja sehemu ya mbele na kuuondoa upesi. Ikisikika sauti ya “tiki” katika kikombe cha kushoto, spika hiyo ni hai. Fanya vivyo hivyo kwa sehemu ya katikati, usikilize kikombe cha kulia. Kama kimya, tikisa waya polepole ukigusa tena. Sauti ikija na kupotea, waya umekatika ndani. Usiache betri imeunganishwa muda mrefu, maana koili ni nyembamba na yaweza kuungua.

Kikombe kilicholegea tu

Mara nyingi hakuna kilichovunjika, ila skrubu imelegea. Tazama upande wa ndani wa panda, au vua mto wa kikombe polepole, kwani skrubu nyingi hufichwa chini yake. Tumia bisibisi ndogo ya nyota inayoenea vizuri. Bisibisi isiyoenea hukwangua kichwa cha skrubu, na ikisha kukwanguka haitoki tena. Kaza mpaka ikae imara, kisha ukome. Ukizidisha nguvu utaipasua plastiki.

Ikiwa skrubu yazunguka bila ya kukaza, tundu limepanuka. Chonga ubapa mwembamba wa kijiti cha kiberiti, uupake gundi kidogo, uutie tunduni, uukate usawa wa mdomo wa tundu, uuache ukauke, ndipo uirudishe skrubu. Mti huo huipa skrubu kitu kipya cha kuuma.

Panda iliyovunjika

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Anza kwa kujua plastiki yako ni ya namna gani, maana plastiki zote hazifanani. Kata kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka mahali pasipoonekana, ukizamishe katika maji yenye tone la sabuni. Sabuni ni ya lazima, kwa kuwa juu ya maji matupu hata kitu kizito kidogo chaweza kuelea. Ukikiachilia nacho kikapanda juu, hiyo ni plastiki ya jamii ya ndoo na vifuniko vya chupa, ambayo gundi za kawaida haziishiki. Usipoteze gundi yako. Itakulazimu kutumia kufunga peke yake. Kikizama, huenda gundi ikashika vema.

Gundi ipi? Wengi hukimbilia ile ikaukayo upesi, tuiitayo supaglu. Jamii hii ya gundi iligunduliwa Marekani mwaka 1942 na wataalamu wa Eastman Kodak, akiwamo Harry Coover, ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Ina nguvu nyingi ikivutwa, lakini ni kavu kama kioo. Ikipindwa au kupigwa hukatika. Na panda, kama tulivyoona, kila siku hupindwa. Basi supaglu tuitumie kushikiza vipande vikae mahali pake tu. Kazi ya kubeba mzigo tuipe gundi ya mirija miwili, iitwayo epoksi, pamoja na gango na uzi.

Neno gango si geni kwetu. Mtu avunjikapo mfupa, huufunga kwa vijiti ili mzigo usipite mahali palipovunjika. Mpini wa jembe ukipasuka, mkulima hauachi hivi hivi, bali huuzungushia ukanda wa mpira. Tufanye vivyo hivyo hapa:

1. Safisha vipande kwa kitambaa na sabuni, vikauke. Kwaruza kwa msasa pande zote mbili za ufa, kiasi cha sentimeta 2 kila upande, ili gundi ipate mahali pa kung'ang'ania.

2. Paka mafuta ya mgando kidogo katika egemeo, yaani mahali kikombe kinapogeukia. Gundi haishiki penye mafuta. Lakini angalia sana, mafuta yasifike kwenye ufa.

3. Unganisha ufa kwa tone moja la supaglu, ushike mpaka ukauke. Fanya kazi hii penye hewa, na vidole uviweke mbali.

4. Kata kipande cha njiti ya gurudumu la baiskeli, yaani spoku, chenye urefu wa sentimeta 3 au 4. Kikwaruze kwa msasa mbali na spika, kwa sababu sumaku iliyomo huvuta vumbi la chuma, na chembe moja ikiingia kwenye kiwambo hutoa sauti ya mkwaruzo siku zote. Pinda kipande kifuate umbo la panda, kilale juu ya ufa nusu huku na nusu huku.

5. Changanya epoksi, kiasi sawa kutoka kila mrija. Paka chini ya spoku na juu yake.

6. Zungushia uzi wa nailoni, kama ule wa nyavu za wavuvi wa Mto Kilombero, kwa kuukaza, mizunguko kumi au zaidi kila upande wa ufa. Paka epoksi juu ya uzi mpaka ulowe.

7. Iache usiku na mchana, yaani saa 24, bila ya kuijaribu. Wengi huharibu kazi yao kwa haraka ya kujaribu.

Gundi ikisha kukauka, futa mafuta, ukigeuze kikombe. Lazima kigeuke. Vichwa vya watu havifanani, na kikombe kilichogandishwa na gundi hakitalala sawa juu ya sikio. Kitaacha mwanya chini ya ndewe, nasi tutarudi kwenye madhara yale yale ya kuongeza sauti.

Kama plastiki yako ni ile ieleayo, acha gundi. Weka spoku mbili, moja ndani na moja nje, uzifunge kwa uzi, kisha juu yake zungushia ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukiuvuta kwa nguvu. Si kazi ya kupendeza macho, lakini hudumu.

Panda iliyopotea kabisa

Wakati mwingine panda imevunjika vipande vitatu au imepotea. Hapo chukua waya mgumu kama wa kushikia ndoo, uupinde mfano wa kiatu cha farasi, wenye upana wa kukienea kikombe na nafasi kidogo. Ncha zake zikunje kwa ndani, kila moja nusu sentimeta. Tafuta matundu ya zamani katika kikombe. Kama yamepasuka, toboa mapya kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Kabla ya kutoboa, skrubu za kikombe zifunguliwe na spika iwekwe kando, na moshi wa plastiki usivutwe puani, kwa kuwa ni sumu. Ingiza ncha za waya matunduni, kisha ufunge mgongo wa waya kwenye mkono wa upinde kwa uzi na epoksi. Funika ncha kali kwa mpira zisije zikamkwaruza mtu. Waya huu hupindika bila ya kukatika, na kwa hiyo waweza kuipita panda ya kwanza kwa maisha marefu.

Nyaya na mito

Kikombe kikianguka, mara nyingi huvuta waya ukakatika. Kabla ya kufungua, andika waya wa rangi gani ulikuwa mahali gani. Nyaya hizi zimepakwa rangi isiyopitisha umeme. Bila ya kuiondoa kwa msasa mwororo au kwa joto la chombo cha kulehemia, lehemu haitashika. Ukizibadilisha nyaya mbili za spika moja, hutasikia kimya, bali sauti nzito itapungua na maneno yataonekana kama yatoka mbali. Ndiyo dalili ya kuwa umezipachika kinyume. Ukisha kulehemu, funga fundo la waya ndani ya kikombe, ili mtu akiuvuta, mvuto uishie kwenye fundo, usifike penye lehemu. Hapo tena twaona kanuni ile ile ya kuigeuzia nguvu njia.

Mto uliochanika waweza kushonewa mpya kwa sponji na kitambaa laini cha pamba. Jambo la kuangalia ni unene: uwe sawa na wa mto wa upande wa pili, maana mto mwembamba hukitega kikombe upande na kuitwika panda mzigo usio wake. Katika shule ambamo wengi hutumia hedifoni moja, ni vema mito iwe na vifuniko vya kitambaa vinavyovuliwa na kufuliwa, ili maradhi ya masikio na ya ngozi yasipite kwa mtu na mtu.

Onyo na utunzaji

Hedifoni zisizo na waya zina betri ya lithiamu ndani ya kikombe kimoja. Betri hiyo ikitobolewa, ikipindwa au ikipashwa moto yaweza kuwaka. Basi msumari wa moto na chombo cha kulehemia visikaribie kikombe hicho. Na ukiona betri imevimba, acha kazi, mpelekee fundi wa simu, wala usiitupe motoni.

Baada ya kutengeneza, mwenye hedifoni na ashike mambo haya matatu. Aivae na kuivua kwa mikono miwili. Aitundike kwenye msumari mpana au kijiti cha ukutani, kivulini, isilaliwe na vitabu. Na kila juma atazame skrubu na ufa, kwa kuwa ufa mdogo waweza kufungwa kwa uzi wa dakika tano, na panda iliyokatika hutaka usiku na mchana.

Twawashauri walimu wasiifanye kazi hii peke yao pembeni, bali waifanye mbele ya wanafunzi, na wawaulize kabla ya kuifungua gundi: nguvu ilitoka wapi, ikapita wapi, ikakwama wapi? Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza hivyo juu ya kikombe cha hedifoni atauliza hivyo juu ya mguu wa dawati, mpini wa shoka, na daraja la miti mtoni.